Mzazi, usimwachishe mwanao kwaya kwa sababu ya alama

Ripoti ya muhula inapofika nyumbani na kuonyesha kwamba mtoto ameteleza katika Hisabati au Sayansi, wazazi wengi hukata kauli moja. Kwaya iachwe. Klabu ya uigizaji isahaulike. Daftari la michoro lifungiwe kabatini hadi alama zipande. Saa zinazopatikana hupewa tuisheni, na mzazi hulala akiamini ametimiza wajibu wake.

Uamuzi huo huonekana kuwa wa masomo tu. Kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15, ni uamuzi wa afya pia, na ndiyo maana tunauzungumzia hapa.

Hatusemi kwamba muziki huponya magonjwa au kwamba kuchora ni dawa. Tunasema jambo dogo zaidi, ambalo mzazi anaweza kulitumia leo. Katika umri huu, sanaa anayoipenda mtoto humpa kinga kiasi dhidi ya msongo wa mawazo, na pia humpa mzazi kipimo cha kujua hali ya mwanawe. Ukimpokonya sanaa hiyo, umempunguzia kinga, na wewe umebaki bila kipimo.

Sanaa iko wapi katika sekondari msingi

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 waliingia sekondari msingi Januari 2023. Wakati huo walikuwa na masomo 12 ya lazima pamoja na mengine ya hiari, yakiwemo sanaa za kuchora na kutengeneza vitu na sanaa za maonyesho. Mwaka wa 2024 masomo yalipunguzwa hadi 9, na sanaa ikaunganishwa na michezo kuwa somo moja la Sanaa Bunifu na Michezo ambalo kila mwanafunzi hulisoma.

Kwa hiyo darasani mtoto hachagui tena kusoma sanaa au kuiacha. Uchaguzi umehamia kwingine: kwaya, klabu ya uigizaji, kikundi cha ngoma za kitamaduni, klabu ya uandishi na mashairi, na maandalizi ya tamasha za muziki, ambazo nchini Kenya zimekuwepo tangu 1927. Mambo haya hufanyika baada ya vipindi au wikendi, na ndiyo ya kwanza kukatwa mzazi anapotafuta saa za ziada.

Uchaguzi wa pili huja mwishoni mwa Gredi ya 9. Mwanafunzi anayeingia sekondari ya juu hufuata mmoja wa mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Hapo ndipo mvutano kati ya mzazi na mtoto huwa mkali.

Umri wenye misukosuko

Kati ya miaka 10 na 15 mwili hubadilika kwa kasi kuliko wakati wowote tangu utotoni. Homoni za balehe huanza kazi, urefu huongezeka, ngozi hutoka chunusi, na usingizi huhama kuelekea usiku wa manane. Ubongo nao haukui wote kwa pamoja. Sehemu zinazohusika na hisia na msisimko hukomaa mapema, ilhali sehemu ya mbele inayotuliza hasira na kupima matokeo huendelea kukua hadi mtu anapofika katikati ya miaka ya ishirini.

Ndiyo maana mtoto wa Gredi ya 8 anaweza kucheka saa nne na kulia saa tano bila kujua sababu. Ana hisia za mtu mzima lakini bado hana maneno ya kuzieleza wala uzoefu wa kuzidhibiti.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 42, hao ni sita. Wengi wao hawajawahi kuzungumza na daktari wala mshauri nasaha kuhusu hali yao.

Mtoto wa umri huu anahitaji mahali pa kutolea yaliyo moyoni bila kuulizwa maswali. Uwanja wa mpira hufanya kazi hiyo kwa baadhi. Kwa wengine ni ngoma, kalamu au brashi ya rangi.

Utafiti unasema nini

Mnamo 2019 ofisi ya WHO ya kanda ya Ulaya ilichapisha ripoti iliyoandikwa na Daisy Fancourt na Saoirse Finn, ambayo ilikusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Ripoti ilionyesha kwamba sanaa inaweza kusaidia katika kuzuia baadhi ya matatizo ya afya na katika kuwahudumia wanaougua, tangu utotoni hadi uzeeni.

Uchunguzi mmoja mdogo wa mwaka wa 2016, ulioongozwa na Girija Kaimal wa Chuo Kikuu cha Drexel nchini Marekani, ulipima homoni ya kotisoli ambayo huongezeka mwilini mtu anapokuwa na msongo. Watu wazima 39 walipewa udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi na karatasi za kukata na kubandika, wakaachwa watengeneze walichotaka kwa dakika 45. Kwa takriban robo tatu yao, kotisoli ilishuka. Waliokuwa hawajui kuchora walinufaika sawa na waliojua.

Matokeo hayo yanafaa kukumbukwa na kila mzazi anayesema, “Wangu hana kipaji.” Faida hii haikuhitaji kipaji. Mtoto anayeimba sauti isiyo nzuri bado anaimba, na mwili wake bado unatulia.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa 2015 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, ulifuatilia kwa miezi saba watu wazima waliojiunga na madarasa mapya ya kuimba, ya kazi za mikono na ya uandishi. Hadi mwisho, watu wa madarasa yote walikuwa wamezoeana. Lakini walioimba walizoeana mapema zaidi. Kwa mtoto aliyehamia shule mpya na asiye na rafiki, kwaya inaweza kumfungulia mlango katika wiki za kwanza.

Utafiti hausemi nini

Baadhi ya wazazi hukubali muziki kwa sababu isiyo sahihi. Wamesikia kwamba muziki wa Mozart huongeza akili. Dai hilo lilitokana na uchunguzi wa 1993 uliofanyiwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Baada ya kusikiliza muziki huo kwa dakika 10, walifanya vyema kidogo katika zoezi moja la kufikiria maumbo, na faida hiyo ilitoweka ndani ya robo saa hivi. Haukuwahusu watoto, na haukuonyesha kwamba mtu huwa na akili zaidi maishani.

Mwaka wa 2020, watafiti Giovanni Sala na Fernand Gobet walichambua tafiti 54 zilizohusu watoto karibu 7,000 waliofundishwa muziki. Walipoangalia tafiti zilizofanywa kwa umakini zaidi, hawakuona dalili kwamba muziki huinua alama za masomo mengine au uwezo wa kukumbuka.

Basi usimpeleke mwanao kwaya ukitarajia Hisabati ipande, kwa sababu isipopanda utamtoa. Mpeleke kwa ajili ya kwaya yenyewe: pumzi, marafiki, nidhamu ya mazoezi, na furaha ya kufanya jambo kwa pamoja.

Kalamu na daftari

Miongoni mwa sanaa zote, uandishi ndio wenye gharama ndogo zaidi. Pia umechunguzwa kwa muda mrefu.

Mnamo 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo. Baadhi ya wanafunzi waliombwa kuandika kuhusu mambo mazito yaliyowahi kuwaumiza, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Wengine waliandika kuhusu mambo ya kawaida. Mara tu baada ya kuandika, walioandika machungu yao walijisikia vibaya zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata, walioandika kuhusu tukio lenyewe pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao.

Tafiti nyingi zimefuata tangu hapo. Baadhi zimeonyesha faida, nyingine hazikuiona, na kwa jumla faida hiyo si kubwa. Hata hivyo, kuna mafunzo mawili ya kutumia nyumbani. La kwanza, mtoto anayeandika jambo zito anaweza kuonekana mnyonge siku hiyo, na hiyo pekee si sababu ya kumzuia. La pili, uandishi unaotuliza hauhitaji kusahihishwa. Ukiona ameandika shairi, usianze na vina na mizani. Tahajia ni kazi ya mwalimu wa Kiswahili.

Je, mzazi asome shajara ya mtoto? Jibu la kawaida ni hapana. Mtoto akijua shajara inasomwa, ataacha kuandika ukweli. Mwambie waziwazi: “Sitafungua daftari lako. Lakini nikiona dalili kwamba uhai wako uko hatarini, nitakuuliza, na nitatafuta msaada.” Kisha timiza ahadi zote mbili.

Akikuletea mwenyewe aliyoyaandika na yakakutisha, usimkemee na usicheke. Uliza swali moja la upole: “Haya ni ya mhusika tu, au na wewe unajisikia hivi?” Watoto wengi huandika hadithi za vifo na majonzi kwa sababu ndiyo wanayoyasoma katika riwaya na kuyaona kwenye filamu. Wengine huandika kwa sababu wanaumia. Hutajua bila kuuliza, na kumuuliza mtoto kuhusu mawazo ya kujiua hakumpandikizii mawazo hayo.

Sauti inapovunjika

Wavulana wengi huacha kuimba katika Gredi ya 7 au ya 8, na mara nyingi ni kwa sababu ya aibu. Wakati wa balehe kisanduku cha sauti kilicho kooni hukua, kikoromeo hujitokeza, na nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa. Sauti hushuka kwa takriban oktavo moja. Kabla haijatulia, huteleza na kukwaruza bila mwenyewe kutaka, na darasa zima hucheka.

Wasichana nao hubadilika sauti, ingawa kidogo. Hushuka noti chache, na kwa muda huweza kuwa na sauti yenye hewa hewa au inayokwama.

Hali hii haihitaji dawa. Mtoto anaweza kuendelea kuimba iwapo mwalimu atamhamisha kwenye sauti inayomfaa na asimlazimishe kupanda noti za juu. Anywe maji ya kutosha, asipige mayowe uwanjani kabla ya mazoezi, na akipata mafua apumzishe sauti. Kumnywesha mayai mabichi hakusaidii. Chakula na kinywaji hupita njia ya chakula bila kugusa nyuzi za sauti, na mayai mabichi yanaweza kubeba bakteria wa kuharisha. Ukwaruzo usioisha kwa wiki tatu unahitaji kuonwa na daktari.

Kuhusu woga wa jukwaani, mweleze mtoto kinachotokea mwilini. Adrenalini huongezeka, moyo hudunda, viganja hulowa jasho na kinywa hukauka. Si ugonjwa, na hata waimbaji wazoefu huupata. Avute pumzi taratibu kupitia puani, kisha aitoe polepole zaidi ya alivyoivuta, mara tano au sita. Kutoa pumzi kwa kirefu hupunguza mwendo wa moyo. Lakini mtoto anayetapika au kukosa usingizi kwa siku kadhaa kabla ya kila onyesho asilazimishwe kusimama mbele. Kikundi cha maigizo kina kazi nyingi nyuma ya pazia, zikiwemo mavazi, taa, mapambo na kuandika mchezo wenyewe.

Kipimo alichonacho mzazi

Moja ya dalili kuu za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ni mtu kupoteza hamu ya mambo aliyoyafurahia. Kwa matineja dalili hii hufichika, kwa kuwa sonona yao mara nyingi hujitokeza kama hasira na ukali kuliko machozi. Mzazi huona “utovu wa nidhamu”.

Mtoto mwenye sanaa anayoipenda hukurahisishia kuiona. Aliyekuwa akipiga ngoma juu ya meza kila jioni akinyamaza, utagundua. Aliyekuwa akijaza daftari kwa michoro akiacha kurasa tupu, utagundua. Wakati mwingine ameichoka tu na kugeukia kitu kingine, na hilo ni jambo la kawaida katika umri huu. Tofauti ni kwamba mtoto mzima huacha kimoja akashika kingine, ilhali anayeumwa huacha kimoja, kisha cha pili, kisha marafiki.

Sasa mfikirie mtoto ambaye kwaya yake ilikatwa mwezi Mei kwa sababu ya alama. Ifikapo Julai amenyamaza. Je, amenyamaza kwa sababu alikatazwa, au kwa sababu anaugua? Huwezi kujua. Tena inawezekana alama zilishuka kwa sababu tayari alikuwa anaugua, na adhabu ikaondoa kitu cha mwisho kilichokuwa kikimtoa kitandani asubuhi.

Mpeleke mtoto kwa daktari, afisa wa kliniki au mshauri nasaha ukiona mambo haya kwa zaidi ya wiki mbili:

- ameacha karibu kila alichokipenda, na hajashika kingine;
- halali, au analala kupita kiasi;
- hali yake ya kula imebadilika, au amepungua uzito;
- amejitenga na marafiki na familia;
- analalamika kila mara kuhusu kichwa au tumbo, na vipimo havionyeshi ugonjwa.

Usisubiri hata siku moja iwapo anazungumza kuhusu kufa, anajikata au kujiumiza, au anagawa vitu vyake anavyovithamini. Usimwache peke yake, na ondoa dawa na sumu za kilimo anazoweza kuzifikia.

Somo la sanaa halichukui nafasi ya matibabu. Hata tiba ya sanaa inayotolewa katika baadhi ya hospitali ni kazi ya mtaalamu aliyeisomea, na mwalimu wa kwaya hapaswi kubebeshwa mzigo huo.

Mtoto anayeishi na maradhi

Wazazi wa watoto wenye maradhi ya muda mrefu huwatoa katika maonyesho kwa hofu, ilhali mara nyingi marekebisho madogo yangetosha.

Pumu: Mtoto ambaye pumu yake imedhibitiwa anaweza kuimba na kupuliza filimbi. Inhela yake iwe karibu naye wakati wa mazoezi, isifungiwe ofisini. Akikohoa au kubanwa kifua kila baada ya mazoezi, dawa zake zinahitaji kuangaliwa upya kliniki.

Selimundu: Maumivu huchochewa na upungufu wa maji mwilini, baridi, uchovu mwingi na maambukizi. Katika ngoma na uigizaji, mwalimu amruhusu kunywa maji na kwenda msalani wakati wowote, apumzike kabla hajachoka, na avae sweta baada ya kutoka jasho. Kwenye safari ya tamasha, hakikisha mwalimu ana dawa zake na nambari yako ya simu. Siku ambazo hawezi kucheza, anaweza kuandika au kuchora hata akiwa amelazwa wodini.

Kifafa: Taa zinazomemeteka huchochea kifafa kwa wachache tu, takriban watu 3 kati ya 100 wenye ugonjwa huo. Muulize daktari iwapo wako ni mmoja wao. Wengine wote wanaweza kupanda jukwaani mradi wanakunywa dawa kwa wakati na wanalala vya kutosha. Mwalimu ajue namna ya kumlaza kwa ubavu anapopata mshtuko, na asimtie kitu chochote mdomoni.

Kigugumizi: Watu wengi wenye kigugumizi huimba bila kukwama. Kuimba hakuondoi kigugumizi katika mazungumzo, lakini mtoto anayechekwa kila anaposoma kwa sauti hupata mahali ambapo sauti yake inasikika vizuri kama za wenzake.

Hatari za kuangalia

Sanaa nayo ina madhara yake, na mzazi ana haki ya kuuliza shuleni.

Masikio: WHO inapendekeza watoto wasisikilize sauti inayozidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Sauti ikiongezeka kwa desibeli 3 tu, muda salama hupungua kwa nusu. Ngoma na spika kubwa ndani ya chumba kilichofungwa huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Mtoto akitoka mazoezini akisema masikio yanavuma au anasikia kama ameziba pamba, kelele zilikuwa nyingi mno. Mazoezi yahamie nje, watoto wakae mbali na spika, na kuwe na mapumziko. Nyumbani, vipokea sauti vya masikioni visizidi asilimia 60 ya sauti ya simu.

Rangi na gundi: Rangi za mafuta za nyumba, thina, tapentaini na gundi zenye harufu kali hutoa mvuke unaoumiza kichwa, huchochea pumu, na unaweza kumfanya mtoto azoee kuuvuta. Rangi za kuchanganywa na maji zinatosha kabisa kwa kazi za shule. Madirisha yafunguliwe, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Filimbi: Filimbi ya rekoda ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na kila mtoto awe na yake. Mafua na vidonda vya mdomo huambukizwa kwa kupokezana.

Usingizi: Tineja anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Mazoezi yanayoisha usiku huku mtoto akiamshwa saa kumi na moja alfajiri yanamdhuru, hata kama anayapenda.

Usalama: Uliza nani anasimamia mazoezi ya jioni na safari za mashindano, watoto watalala wapi, na iwapo kuna mwalimu wa kike kwa wasichana. Mtoto akisema hataki kurudi kwa mkufunzi fulani, msikilize kwanza kabla ya kumwambia asiwe mvivu.

Alama zikishuka, ufanye nini?

Anza kwa kuhesabu saa. Andika wiki nzima ya mtoto: darasani, safarini, kazi za nyumbani, kazi za ziada, simu, televisheni, usingizi na sanaa. Mara nyingi utakuta kwaya inachukua saa tatu au nne kwa wiki, na simu inachukua hizo kwa siku moja au mbili. Punguza palipojaa kupita kiasi.

Kisha tafuta chanzo. Mpime macho, kwani mtoto asiyeona ubao vizuri huanguka Hisabati bila kujua sababu. Uliza kama anaonewa na wenzake. Kwa msichana, uliza kama hedhi inamkosesha vipindi. Zungumza na mwalimu wa somo lenyewe kabla ya kumlaumu mwalimu wa muziki.

Ikilazimu kupunguza, punguza pamoja naye. Kama ana kwaya, uigizaji na klabu ya uandishi, mwache achague moja ya kubaki nayo. Achague yeye. Muhula wa mitihani anaweza kufanya mazoezi mara moja kwa wiki badala ya tatu, akajua tarehe ya kurudi. Usitumie sanaa kama adhabu, sawa na vile usivyomnyima mtoto maji kwa sababu amefeli.

Kumbuka pia likizo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuidhinisha 1990, unampa mtoto katika kifungu cha 31 haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika utamaduni na sanaa.

Kama uwezo ni mdogo, usikate tamaa. Ngoma ya mtungi wa plastiki, daftari la kurasa 48, makaa ya kuchorea kwenye katoni, na nyanya anayejua nyimbo za zamani vinatosha kuanzia. Ukienda mkutano wa wazazi, uliza kuhusu klabu kama unavyouliza kuhusu madawati.

Na kwa mzazi ambaye mwanawe wa Gredi ya 9 anataka mkondo wa sanaa: sikiliza sababu zake zote kabla ya kusema hapana. Mwambie aandike anataka kufanya kazi gani, ni shule zipi zinafundisha masomo hayo, na atafanya nini mambo yakienda kombo. Uamuzi wenu ukiwa sayansi, haimlazimu kuacha kuimba. Madaktari na wahandisi wengi wamo katika kwaya za makanisa yao, na wapo walimu wa Hisabati wanaotunga mashairi.

Ukiwa na wasiwasi kuhusu mtoto, nambari ya simu ya watoto ni 116, na haitozwi. Huduma ya ushauri nasaha ya Msalaba Mwekundu inapatikana kwa 1199, pia bila malipo. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, kwa hiyo mwandikie nambari hiyo ndani ya jalada la daftari lake la michoro au mashairi.